Mikono ya Watoto na Mawe ya Gedi

Mtoto aweza kuikariri miaka yote ya habari za kale, wala asijue maana yake. Lakini alichokishika kwa mkono hakisahau upesi.

Karibu na Malindi, ndani ya msitu, yako magofu ya Gedi, mji wa kale wa Waswahili. Tangu mwaka 1948 Bwana James Kirkman aliufukua. Nyumba nyingine aliziita kwa vitu vilivyoonekana ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Sarafu ya Kichina.

Basi fanyeni hivi. Kabla ya safari, tieni kapuni vitu vitano vya nyumba moja, watoto wavishike na kubuni: Ni nani wakaao humo? Kazi yao nini? Tena mfikapo Gedi, wapeni kamba wapime vyumba, wachore milango, wahesabu hatua toka kisimani mpaka nyumbani, waulize ni nani aliyeteka maji.

Neno moja yawapasa kulijua. Mkasi ule ulitupa habari kwa kuwa ulionekana mahali pake. Kigae kilichotiwa mfukoni huwa bubu. Hapana ajuaye tena kilitoka nyumba gani. Wafundisheni kushika panaporuhusiwa, kupima, kuchora, kisha kuacha. Mwaka 2024 Gedi iliandikwa katika Urithi wa Dunia. Lakini hapana mlinzi awezaye kuvihesabu vigae vyote. Mtoto aliyeupima ukuta kwa mkono wake, huyo ndiye atakayeulinda.