Wanaokata Ruzuku Ndogo Wanakata Kipimo

Tarehe 1 Mei 2025, NIH, taasisi kuu ya serikali ya Marekani ya utafiti wa afya, ilitangaza kusitisha utaratibu wa vyuo vya Marekani kuwagawia washirika wa nchi za nje sehemu ya ruzuku zao. Kesho yake Ikulu ya Washington ikatoa pendekezo la bajeti la kukifuta Kituo cha Fogarty cha NIH hiyohiyo, ambacho kwa zaidi ya miaka 20 kimetoa ruzuku za majaribio, za miaka miwili tu, kwa utafiti wa ubongo katika nchi maskini. Huo ni ubahili wa kipumbavu, na watakaoulipia ni watoto wa huku kwetu.

Watetezi wa hatua hizo wana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba pesa zilizokwenda nje hazikufuatiliwa vizuri. Sawa, lakini hesabu mbovu hutafutiwa mkaguzi. Hakuna haja ya kufunga duka. Ya pili husemwa hata na wenzetu: mji wetu wa Uvira, mashariki mwa Kongo, uliofurikiwa na mto Mulongwe mwaka 2020, ukavamiwa na vita Desemba 2025, una haja gani na utafiti wa ubongo? Wasemao hivyo wamesahau kwamba kipindupindu nacho kilitafitiwa hapahapa, na utafiti huo ukaonyesha kuwa maji ya bomba yakikatika, wagonjwa huongezeka siku zinazofuata. Hakuna aliyesema utafiti ule ungoje amani.

Jambo lenye uzito hasa ni hili: ruzuku ya majaribio ndiyo inayonunua kipimo. Daktari hupima malaria kwa tone la damu, nalo tone la mtaa wa Rugenge hapa Uvira halina tofauti na la London. Akili ya mtoto haipimwi hivyo. Jaribio la Denver la kupima makuzi ya watoto, lililosambaa dunia nzima, huuliza kama mtoto anajiandalia nafaka zake za asubuhi na kama anacheza karata. Mlete mtoto wa miaka mitano wa Rugenge, anayeteka maji ziwani na kumbembeleza mdogo wake mpaka alale, anayezungumza Kifuliiru na bibi yake na Kiswahili na wenzake. Ataanguka mtihani huo, na mwenzake aliyeumia ubongo kweli ataanguka vilevile. Hutaweza kuwatofautisha.

Ndiyo maana watafiti wa Malawi, kabla ya kuchapisha kipimo chao mwaka 2010, waliwapima watoto 1,426 wenye afya ili wajue kwanza mtoto wa kijijini mzima hufanya nini katika umri gani. Kazi hiyo haiponyi mtu wala haileti picha nzuri ya mfadhili. Ila bila hiyo huwezi kuanza.

Vipimo vikifaa, vinaona lisiloonekana. Konzo, ugonjwa wa muhogo mchungu usioloweshwa vya kutosha, humpoozesha mtoto miguu ghafla, akabaki kutembea kwa vidole, magoti yamekunjika, maisha yake yote. Huyo kila mtu anamwona. Lakini mwaka 2013 utafiti wa Kahemba, katika Kongo hiihii, ulionyesha kuwa hata watoto wa kijiji cha konzo waliokuwa wakitembea vizuri walifanya vibaya katika vipimo vya akili kuliko wale wa kijiji kisicho na ugonjwa huo. Mama zao wangejuaje? Na konzo imesharipotiwa Burhinyi, mkoani kwetu Kivu Kusini. Kampala nako, karibu mtoto 1 kati ya 4 waliopona malaria iliyopanda kichwani alikutwa na upungufu wa akili miaka miwili baadaye. Nao ndio waliohesabiwa kuwa wamepona.

Sasa tunaambiwa mfumo mpya wa NIH umekuja: mshirika wa nje apewe ruzuku yake na aitolee hesabu mwenyewe kwa wakubwa wa Marekani. Chuo kikubwa chenye wahasibu kitaweza. Hospitali ya mkoa inayohangaikia mafuta ya jenereta itaweza wapi? Kisha ikiomba pesa kubwa, itaulizwa: takwimu zenu za awali ziko wapi? Mtu anayedai takwimu kabla ya kutoa pesa, huku akikata pesa ya kuzitafutia, asituambie habari za uwajibikaji. Aseme wazi kwamba hataki kujua.