Jamani, tusinunue mashoka!

Nimepotea humu karibu wiki tatu, msinilaumu, masomo yamenibana na giza la huku Uswidi linaingia saa tisa alasiri, ukitoka darasani unahisi ni muda wa kulala. Leo nimekuja na hasira. Niseme mapema kabisa kwamba ninayemsema huwa anasoma hapa, na ajue namsema yeye.

Kisa chenyewe ni hiki. Sisi Wabongo watatu tulioko huku kwa muhula mmoja tumekuwa tukitunza vijisenti tangu tumefika. Makubaliano yalikuwa tukirudi tupeleke vifaa vya kuchongea kwenye ile shule tuliyofanyia mazoezi ya kufundisha. Mnaikumbuka, niliwahi kuiandika humu. Kipindi cha stadi za kazi, watoto hamsini na ushee, kifaa kimoja tu: chaki. Nilichora nyundo ubaoni, wakaichora daftarini, nikasahihisha, nikaweka vema. Nyundo yenyewe hakuna aliyeishika. Na mimi nilisomeshwa hivyohivyo, ndiyo maana nimefika hapa na miaka ishirini na mbili sijui kunoa kisu. Aibu, lakini ndiyo ukweli.

Sasa hela imetimia, na jamaa yangu, nitamwita Bwana Msitu, anataka tununue mashoka mawili ya Gränsfors na kisu kimoja kinene cha Fällkniven. Basi, hela imekwisha! Dada yetu mkubwa anayumbayumba. Jumamosi tunaamua.

Mimi nasema visu vidogo vya Mora, na mawe ya kunolea. Shoka hata moja tusibebe.

Bwana Msitu anasema nina mawazo ya kimaskini, na kwamba rahisi ghali. Haya, tuanze na hicho kisu chake. Fällkniven F1 ndicho kisu rasmi cha kujiokolea cha marubani wa jeshi la anga la Uswidi tangu 1995. Bapa lake lina unene wa milimita nne na nusu. Ni kisu kizuri, sibishi. Lakini kimetengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye ndege imemwangusha porini peke yake, kisu kimoja akifanyie kila kitu, hata kupasua kuni kwa kukigonga na gogo mgongoni. Mtoto wa darasa la tano anayechonga mwiko wa mama yake ameangukwa na ndege gani? Chuma kinene kikiingia kwenye mti kinapanua na kupasua. Kuchonga kunataka bapa jembamba na fupi, lizunguke kwenye kona, na mpini unaojaa kiganjani. Halafu kichekesho: jamaa anajisifu eti kisu ni "cha Kiswidi halisi", kumbe visu vya Fällkniven vinafuliwa Japani. Kampuni ni ya Kiswidi, nyundo ni ya Mjapani. Hata mpini wa shoka lake la Gränsfors ni mti wa hikori kutoka Marekani. Sisemi ni dhambi. Nasema asinitishe na neno halisi.

Kisu cha Mora kinatoka kweli Mora, jimbo la Dalarna, kwenye kijiji cha Östnor, ambako kiwanda cha kwanza cha ukoo wa visu hivi kilianza 1891. Ni rahisi kwa sababu vinatengenezwa kwa wingi kiwandani. Chuma chake hakina shida. Ile namba 120 ina bapa la sentimita sita hivi, chuma kigumu katikati kimebanwa na chuma laini pande mbili, mpini wa mbao. Hicho ndicho ninachochongea. Kwa bei ya shoka moja la Bwana Msitu unapata visu vya Mora zaidi ya vitano. Kwa mashoka mawili na kile cha rubani, pigeni hesabu wenyewe, ninyi watu wa hisabati mpo humu.

Ila bei siyo hoja yangu kubwa. Hoja yangu ni kunoa.

Visu hivi vya kaskazini, viwe vya Mora, vya Helle kule Norwei au puukko za Wafini, vingi vina makali ya namna moja. Ubavu wa bapa unashuka mteremko mmoja mpana na ulionyooka mpaka kwenye makali, hakuna mteremko wa pili mdogo chini yake. Maana yake ni nini? Unalaza ule mteremko juu ya jiwe, unakaa wenyewe, unasukuma. Hukisii pembe. Nilijifunza kwa mchana mmoja, mimi ambaye nilikuwa sijui kitu! Na mteremko huohuo ndio unaoongoza kisu kwenye mti: unaulaza, unainua kidogo, randa linatoka jembamba kama karatasi. Yale makali ya mviringo ya F1 ni imara, lakini kuyanoa vizuri kunataka mkono uliozoea. Kisu kisichonoleka pale kijijini kitakuwa butu baada ya mwezi, na kisu butu ndicho kinachokata watoto, kwa sababu unakilazimisha kwa nguvu na kinateleza.

Wiki iliyopita tulipelekwa kuangalia kipindi cha slöjd kwenye shule ya msingi. Ni somo la kazi za mikono, mbao, chuma na nguo, kila mtoto analisoma, mvulana kwa msichana, saa 330 katika shule ya msingi yao nzima. Wale mliosoma historia ya elimu mtakumbuka Mfini Uno Cygnaeus, ambaye shule za Ufini ziliingiza somo hili 1866, na Otto Salomon aliyefundisha walimu wake pale Nääs. Salomon alianza na kisu. Na mti, na mtoto. Nikakaa karibu na binti wa miaka kumi hivi. Akaniangalia ninavyochonga, akanyoosha mkono wake na kisu ndani ya ala, akazunguka duara: kama kuna mtu ndani ya hili duara, huchongi. Kisha akanisogeza viwiko vikae juu ya magoti, kisu kisije kikatembelea paja. Mwalimu mtarajiwa, nafundishwa na mtoto! Na kisu chake kilikuwa cha bei ya chini.

Upande wa shoka sasa. Nakiri lile shoka ni zuri. Mhunzi aliyelifua hupiga herufi za jina lake kwenye chuma, na ukilishika hutaki kulirudisha. Lakini yale anayoyataka Bwana Msitu yana mpini wa karibu nusu mita, ni ya kukata matawi na kuni za kambini. La kuchongea linatakiwa kuwa jepesi, mpini mfupi, ulishike chini kidogo ya kichwa, mti umesimama juu ya gogo, mguu uko mbali na njia ya shoka. Tulipokwenda msituni mwezi jana aliazima la ukubwa huohuo, likateleza kwenye fundo, likapita karibu na ugoko wa dada yetu. Dada amesahau? Mimi sijasahau.

Na kwani kwetu hakuna mashoka? Fundi wa kijijini anafua shoka ambalo mkia wa chuma unapita ndani ya kichwa cha mpini, kila ukipiga ndivyo linavyozidi kukaza. La huku ni kinyume, mpini ndio unaopita kwenye tundu la chuma. Yote yanakata. Tezo ipo pia, waulizeni wachonga vinyago wa Mwenge. Hela ya shoka ikae palepale kijijini, mhunzi ale. Tusichonacho ni visu vyembamba vingi vinavyotosha darasa.

Chuma gani? Kisichoshika kutu, kwa sababu shule ni ya pwani na kabati lake linavuja. Mtu asije tu akajaribu mpingo, yale makali yatavunjika meno. Mti mbichi na laini, mwembe unatosha.

Halafu Bwana Msitu, kaka yangu, acha kwenda dukani na kisu kiunoni. Huku kuna sheria tangu 1988, kisu hadharani bila sababu ya kueleweka ni kosa. Utarudishwa Bongo kabla ya mtihani na hela yetu mfukoni.

Jumamosi saa kumi, jikoni kwa dada. Nitakuja na ule mwiko wako uliopasuka.