Bwawa bila hati, maji bila majibu

Wazee wa Musumba, makao ya Mwant Yav, mfalme wa Waruund, huko Kapanga, husimulia kwamba enzi yao ilianza kwa ugomvi wa chungu cha maji. Mzee mmoja alikuwa akisuka mkeka karibu na mto Nkalany, ubavuni pake chungu cha maji meupe ya kulowekea nyuzi. Wanawe wa kiume wakadhani ni malafu, pombe ya mchikichi, wakaomba, wakanyimwa, wakampiga. Naye akawanyima lukano, bangili ya utawala, akampa binti yake Ruwej. Nchi ikawa ya mwanamke kwa sababu wanaume walihukumu maji kwa macho.

Leo, katika mkoa huohuo wa Lualaba, maji bado yanahukumiwa kwa macho. Na binti wa Ruwej hana hati ya kipande cha ardhi cha kuchimbia bwawa.

Sina ugomvi na ufugaji wa samaki. Ugomvi wangu ni na maonyesho yake. Kampuni ya madini au ofisi ya serikali ikitaka ionekane inawajali wanawake wa kijijini, mabwawa huchimbwa, vifaranga humwagwa, picha hupigwa, hotuba ya maendeleo endelevu husomwa. Magari yakiondoka, mama anabaki na shimo la maji kwenye ardhi isiyo yake, chini ya mgodi asioweza kuuhoji.

Maonyesho haya tumeshayaona. Mwaka 1949 wataalamu wa Kiingereza na Kibelgiji walikutana Élisabethville, Lubumbashi ya leo, kujadili ufugaji wa samaki, na kituo cha Kipopo kikawa cha kuchunguza makobo (tilapia) bwawani. Mkoloni alipoondoka, Kongo ilihesabiwa kuwa na mabwawa zaidi ya 100,000. Yako wapi? Mengi yalichimbwa kwa amri, na amri ilipoondoka yakaota majani. Sasa nchi inayotoa zaidi ya 70% ya kobalti ya dunia inasukumia bukari (ugali) kwa Thomson, samaki wa barafu wa kutoka pwani ya Namibia.

Mama anayeijua kazi huzamisha mkono bwawani hadi kiwiko. Asipokiona kiganja, hufurahi: maji yamekuwa ya kijani, makobo wana chakula hata kabla ya pumba za mahindi. Akiviona vidole vyote, huingiwa na wasiwasi. Sasa nisikilizeni, ninyi mnaokuja mtoni mkaona maji maangavu mkasema ni safi! Asidi ikiingia majini huua kwanza ule ukijani, na maji hubaki yanang'aa. Shaba kidogo tu iliyoyeyuka, ambayo ulimi wa mtu hauigundui, inatosha kuua vifaranga.

Februari 2025, ng'ambo ya mpaka, bwawa la taka za mgodi la kampuni ya Sino-Metals lilipasuka Chambishi, Zambia. Asidi ikafika mto Kafue na samaki wakafa. Kwetu, Machi 2024, mashirika ya RAID na AFREWATCH yalichapisha malalamiko ya vijiji vinavyozunguka migodi ya Kolwezi, wanawake wakiyalaumu maji kwa maradhi ya uzazi. Maji yanayomuumiza mama ndiyo mnataka afugie?

Kuna wajanja wanaosema basi wafuge Kapanga, huko maji ni mazuri. Ni mazuri, ndiyo. Ila wanunuzi wenye fedha wako Kolwezi, mamia ya kilomita, kwa barabara ambayo mvua ikishika hakuna lori linaloiamini.

Wengine watasema fedha hakuna. Uongo mtupu. Sheria ya Madini iliyorekebishwa 2018 inailazimu kila kampuni inayochimba kutenga angalau 0.3% ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya wenyeji, na 15% ya mrabaha ni haki ya sekta, usultani au komuni yenye mgodi. Tangu 2016 Sheria ya Familia imefuta sharti la mke kuomba ruhusa ya mume katika mambo ya kisheria. Hata hivyo shamba likimezwa na mgodi, mara nyingi fidia huhesabiwa kwenye kiganja cha mwanamume, na aliyelilima anaonyeshwa njia ya kwenda kuosha mawe ya madini ya watu. Riziki hiyo nayo tumeona inavyokatika: Februari 2025 serikali ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ya nchi, na Oktoba ikaja na mgao wa kiasi cha kuuzwa nje. Makobo hawasimamishwi kwa amri ya Kinshasa.

Kwa hiyo, mama zangu wa Lualaba, siku kampuni itakapowaletea daftari la masharti, yaani mkataba wa miradi ya wenyeji, mjadiliane, msikubali liandikwe "mabwawa" halafu nukta. Liandikwe hati ya ardhi kwa jina la mwanamke, si la mumewe wala la chama cha mtu. Liandikwe kwamba maji ya mto yatapimwa na mtu asiyelipwa na mgodi, na majibu yabandikwe ukutani kwa chifu, kwa Kiswahili. Liandikwe nani atalipa samaki wakifa. Wakikataa hayo matatu, msitie sahihi.