Kabla Hatujaikabidhi Serikali Mkasi

Kila filamu chafu inapotajwa barazani, hakosi mtu wa kusema: serikali na ipige marufuku. Nami ni mzazi, tena Muislamu, naujua uchungu wa maneno hayo. Lakini kabla hatujaikabidhi serikali mkasi, tutazame umekata nini hadi leo.

Tuanzie hapa kwetu Mombasa. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla, kijana wa miaka ishirini na kitu, aliandika waraka «Kenya: Twendapi?», akihoji vile serikali ya KANU ilivyokuwa ikiukandamiza upinzani. Hamkuwa na ufuska humo, mlikuwa na swali. Akafungwa miaka 3 kwa uchochezi. Mashairi aliyoyaandika kwa siri gerezani yakatoka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Yaani tuzo yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga.

Ukidhani hayo ni ya zamani, kumbuka Januari 30, 2018, Raila Odinga alipokula kiapo Uhuru Park. Citizen, NTV na KTN zilizimwa, na hata baada ya Mahakama Kuu kuamuru zirudishwe, giza liliendelea kwa siku kadhaa. Juni 25, 2025, Mamlaka ya Mawasiliano ikaamuru vituo viache kuonyesha maandamano moja kwa moja, mpaka mahakama ikaisimamisha amri hiyo.

Katika yote hayo, ni mtoto gani aliyekingwa na uchafu?

Sisemi kila kitu kiachwe holela. Kifungu cha 33 cha Katiba hakilindi uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki. Kuwekea filamu kiwango cha umri pia ni sawa. Lakini anayetaka kitabu au habari izuiwe, aende mahakamani na ushahidi, na mwandishi apewe nafasi ya kujibu. Isiwe afisa mmoja kuinua simu tu. Na mtoto mwenye intaneti mkononi hakingwi na afisa wa Nairobi. Anakingwa na mzazi na malezi.

Sisi Wapwani tuna mengi ya kuhoji: mashamba yetu, na vijana waliochukuliwa wasirudi. Siku tutakapoyaandika, mkasi tulioushangilia ukikata filamu ndio utakaokata maneno yetu.