Mzigo una cheti, mwanafunzi je?

Mfanyabiashara anayevusha bidhaa za Afrika Mashariki zilizo kwenye orodha, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, hupewa cheti rahisi cha uasilia palepale mpakani, na mzigo hupita bila ushuru wa forodha. Mtoto wake akihamia shule ya upande wa pili, hana cheti cha namna hiyo.

Tazama somo la sayansi pale Busia. Upande wa Kenya, Gredi ya 7 hadi ya 9 husoma Sayansi Jumuishi: kemia, viumbe hai, kani na nishati, vyote katika somo moja. Fizikia, Kemia na Biolojia hutenganishwa Gredi ya 10, kwa wanaochagua mkondo wa sayansi. Upande wa Uganda, masomo hayo matatu hujitegemea tangu mwaka wa kwanza wa sekondari, na ni ya lazima hadi mwaka wa nne.

Kila mfumo una sababu zake. Hatudai wowote ufutwe. Lakini mzazi aliyehamisha duka hapaswi kulipia mwaka wa kurudia kwa kuwa tu mwalimu mkuu hana pa kulinganishia madarasa.

Kifungu cha 11 cha Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu Julai 2010, kinazitaka nchi wanachama zitambuliane vyeti na kuoanisha mitaala. Wizara za elimu zianze na dogo: jedwali la ukurasa mmoja, mada ipi husomwa darasa lipi, katika kila shule ya mpakani. Vyama vya wafanyabiashara vinavyopigania mizigo vipiganie na hili.