Bustani Isiyodai Ndoo ya Maji

Katika nyumba nyingi za Dodoma na Singida bustani ya maua hufa kabla ya mwezi wa Septemba. Si kwa uvivu wa mwenye nyumba. Mvua za Dodoma, ambazo kwa wastani ni karibu milimita 570 tu kwa mwaka, aghalabu hukoma Aprili, wala hazirudi mpaka kuelekea Desemba. Katika miezi hiyo kila ndoo ina kazi yake: kupikia, kufulia, kuogeshea watoto. Mama anayemwagilia mawaridi ndoo moja kila jioni anajua ameipunguza wapi, na binti aliyeichota anajua zaidi.

Basi leo twapendekeza mmea ambao wengi wetu huudharau mbele ya nyumba: mkonge. Pengine dharau hiyo ina sababu. Wazee wengi waliokwenda Tanga kuwa manamba waliujua kwa makovu ya miiba, na si ajabu wakiona haya kuupanda mlangoni. Lakini mmea wenyewe hauna kosa. Nao ni mgeni kama walivyokuwa wageni manamba hao. Asili yake ni Meksiko. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika pwani yetu ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo kidogo yakaenea mashamba makubwa ya Tanga.

Siri ya uvumilivu wake imo katika majani. Ni manene, yamejaa maji, na juu yamepakwa nta. Tena vinyweleo vyake hufunguka usiku kuvuta hewa, na mchana wa jua kali hufungwa, hata maji yasipotee. Kwa hiyo anayeumwagilia mkonge kila jioni haufanyii hisani, huuozesha mizizi.

Iko namna mbili zinazofaa nyumbani. Wa kwanza ni mkonge wa katani tuujuao, wenye majani yaliyonyooka kama panga na mwiba mweusi nchani. Wa pili una majani ya rangi ya kijivu iliyochanganyika na buluu, wakati mwingine yenye ukingo wa manjano, na miiba iliyopinda kama ndoana kila upande. Huu ndio mzuri zaidi kwa macho, na ndio unaowatia watu hasarani. Mche wake unaotosha katika kopo la maziwa huweza baadaye kutoa jani la karibu mita 2, na kuenea mita 3 au zaidi. Wengi huupanda hatua moja tu kutoka mlangoni, kwa kuwa siku ile ulikuwa mdogo. Kisha miaka ikipita wageni huingia ubavu ubavu. Upime mahali pake kama ungali mkubwa tangu siku ya kwanza: mita 3 kutoka ukutani na njiani, na mbali kabisa na mahali watoto wachezapo mpira. Mwiba ule huwa kimo cha jicho la mtoto. Kama kiwanja chako hakina nafasi hiyo, heri uuache.

Kupanda si kazi ngumu. Chukua chipukizi lililoota ubavuni mwa mama, lenye kimo cha goti, ulilaze kivulini siku saba hivi hata donda likauke. Penye udongo mweusi wa mbuga, unaoshika maji, inua tuta la mchanga na kokoto kwanza. Panda mvua zinapokaribia, wala usifukie kitovu cha majani. Kiangazi cha kwanza upe maji mara moja kwa majuma mawili. Baadaye uuache na Mungu wake.

Ukikata jani, vaa mikono mirefu na ulinde macho, kwani utomvu wake huwasha vibaya sana. Ukiona mmea umelegea, na majani ya katikati yakitoka kwa kuvutwa kidogo, fukusi mweusi amekwisha toboa moyo wake. Ung'oe wote, uchome moto.

Lakini iko siku mkonge wenye afya utachomoza mlingoti katikati, ukipanda haraka hata kupita paa la nyumba. Mkonge wa katani hufanya hivyo kwa kawaida baada ya miaka 8 hadi 12. Ule wa kijivu huweza kukawia miaka 10 hadi 30. Majirani watasema umerogwa, maana baada ya kuchanua hunyauka ukafa. Haukurogwa, wala hauna kiu, basi usiuongezee maji. Ndiyo desturi yake: huchanua mara moja tu maishani. Kama mlingoti waelekea paa au nyaya za umeme, ukate mapema. Vinginevyo uache ukomae, kwa kuwa ukikauka ni mwepesi na wafaa kwa uzio au ngazi ya kuku. Mkonge wa katani, kabla ya kufa, huzaa juu ya matawi ya mlingoti vimche vidogo kwa mamia. Viokote, uvipange kitaluni kwa nafasi ya shubiri moja, na baada ya mwaka mmoja au zaidi kidogo vitakuwa tayari kuhamishwa, vyako na vya jirani.