Kiberiti Kinunuliwe Kabla ya Mawingu
Wiki hii mvua ilipoanza kunyesha Mbagala, duka la mtaani lilijaa watu wanaotafuta mishumaa, viberiti na betri za tochi. Vyote vikaisha kabla ya magharibi. Anayengoja mto ufurike ndipo achote maji, huchota tope. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoikaribia Mafia, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema, lakini barabara ya Lindi ilipokatika Somanga, magari yalikwama pande zote mbili. Bibi yangu kule Rufiji hakusubiri tangazo: kila masika yakikaribia aliweka unga, chumvi na kiberiti ndani ya debe lenye mfuniko, akalipandisha darini. Leo tuongeze maji ya kunywa, dawa za mgonjwa wa sukari au presha, na vyeti kwenye mfuko usiopitisha maji. Lakini anayenunua unga wa kupima kila jioni ataweka akiba gani? Viongozi wanaosubiri nyumba za mabondeni zizame ndipo wagawe mablanketi wanawakosea watu hawa. Ndoo na dawa ya kutibu maji zigawiwe kabla ya masika. Nawe mwenye nafasi, nunua kiberiti leo, na cha jirani pia.